Utamu wa Maji ya Bi Mize

Abeid aliwamiminia watu mvinyo kwa zaidi ya nusu ya umri wake, na hakuwahi kuonja hata tone. Hilo si la ajabu Mafia. Wahudumu wengi wa hoteli za wageni ni watoto wa madrasa: chupa inafunguliwa, inafutwa shingo, inamiminwa, na mhudumu anarudi nyuma na mikono yake mgongoni. Abeid aliwapita wenzake kwa kitu kimoja tu, nacho ni uongo. Mgeni akiuliza ipi inafaa na pweza, Abeid alimwambia hii hapa, bwana, ni kavu, ina harufu ya ndimu, na mwishoni inaacha ladha ya jiwe. Maneno hayo aliyaokota kwa wageni wenyewe. Ya meza ya leo akawauzia wa meza ya kesho. Alipowasimulia watu wa kwao Ndagoni kwamba Wazungu wana kinywaji cha majimaji wanachokiita kikavu, walicheka mpaka wakashika mbavu, na yeye akacheka nao.

Kisha hoteli ile ikauzwa, na aliyeinunua akaifunga. Abeid akarudi nyumbani na mashati yake meupe mawili. Alijaribu uvuvi, bahari ikamtapisha. Alijaribu mihogo, nguruwe wakaila. Nyumba ikawa inakula kwa mgongo wa mkewe, Hamisa, ambaye alilima mwani na kushinda maji ya kiunoni kila bahari ilipotoka. Hamisa hakulalamika hata siku moja. Mwanamume anayelishwa na mke asiyelalamika hana pa kukimbilia, na Abeid alianza kukonda bila kuugua.

Ndipo ikafunguliwa hoteli mpya upande wa Utende, na ikatafuta msimamizi wa vinywaji. Meneja alikuwa dada wa bara aitwaye Faraja, mtu wa heshima na wa haraka. Waombaji walichujwa wakabaki wawili, Abeid na Taufiki. Taufiki alikuwa mlevi mchana kweupe na kisiwa kizima kilijua, kwa hiyo mtihani huu kwake ulikuwa sikukuu. Faraja aliwaambia kwamba amechoka na wahudumu wanaokariri. Hoteli yake si ya matajiri. Anataka mvinyo wa bei nafuu unaonyweka, na anataka mtu mwenye ulimi wake mwenyewe. Akampa kila mmoja boksi la chupa sita, zote za bei ya chini. Waende nazo nyumbani, waonje kwa utulivu bila kutazamwa, waipe kila chupa alama zake juu ya kumi na sababu kwa maneno yao.

Abeid angeweza kusema, dada, mimi ni Muislamu. Angejibiwa kwa upole, angepewa soda baridi, na angerudi Ndagoni na dini yake kamili na mikono mitupu. Alilifikiria hilo, msidhani hakulifikiria. Kisha akaliviringisha boksi ndani ya kiroba cha unga, akapanda bodaboda, na njia nzima akawa analishikilia kila barabara iliporusha, maana chupa zilikuwa zinagongana na dereva alikuwa jirani yake.

Boksi akaliweka uvunguni mwa kitanda chake. Chumba cha pili alilala mama yake.

Bi Mize, mama yake Abeid, alikuwa amewasomesha Kurani wasichana wa Ndagoni mpaka macho yalipompungukia. Kwa twahara, usafi wa ibada, alikuwa hana mchezo. Kuku akikatiza msala wake, msala ulifuliwa. Mtoto akimrukia na miguu ya uani, kanga ilivuliwa na kulowekwa. Watu walimtania kwamba Bi Mize angeweza kuifua bahari, na yeye alijibu kwamba bahari haihitaji, ni twahara yenyewe. Sasa miguu ilikuwa imemvimba na pumzi imekuwa fupi. Walimpeleka Kilindoni, na daktari akawaambia kwa sauti ya chini wamrudishe nyumbani na wamfanyie kila anachokipenda.

Alichokipenda kilikuwa kimoja. Alisali zote tano, na sunna zake, amekaa kitandani, na udhu alikuwa hataki kuukosa. Akiambiwa atayamamu kwa vumbi kama wagonjwa wengine, alikataa. Maji hayamdhuru, basi vumbi la nini? Hamisa akawa anamketisha, anamwekea beseni miguuni, anammiminia kwa kopo kiungo baada ya kiungo, naye anasukutua, anapandisha maji puani, ananawa uso, taratibu, kama mtu anayejiandaa kwa safari.

"Mimi sina shamba la kukuachia, Abeid, wala dhahabu," alimwambia mwanawe. "Nina sala zangu. Nataka nizifikishe kama zilivyo."

Na kwa Bi Mize, kama kwa wengi wa pwani yetu, pombe si dhambi ya mnywaji peke yake. Ni najisi, kama mkojo. Tone lake likiingia kwenye maji ya kopo, maji yale hayafai tena kwa udhu, na sala iliyosimama juu ya udhu huo imeanguka. Abeid alilijua hilo tangu madrasa. Alijua vilevile kwamba chupa sita zilikuwa zimelala upande wa pili tu wa ukuta kutoka kwa mama yake.

Basi akajitafutia njia, na njia aliipata jikoni. Kila Ramadhani Hamisa huonja chumvi ya mchuzi akiwa amefunga. Huweka tone ncha ya ulimi, hulisikia, hulitema, na saumu yake iko palepale. Mwalimu Omary, imamu wao, alikuwa amelieleza jambo hilo msikitini baada ya tarawehe na wanaume wote walilisikia. Abeid akawaza: ikiwa mchuzi ulioguswa na ulimi na kutemwa haukuliwa, basi na mvinyo ulioguswa na ulimi na kutemwa haukunywewa. Aliigeuza hoja ile huku na huku na kila alipoitazama ilizidi kupendeza. Hakumuuliza Mwalimu Omary. Mtu huwa hamuulizi mwenye jibu, anapoogopa jibu.

Na kwa kuwa alikuwa mtu wa tahadhari, alikwenda dukani akanunua kopo jipya la plastiki, la buluu, la kutemea. Hakutaka kikombe cha nyumba wala bakuli la nyumba liguswe na kitu kile. Kopo akalificha uani, nyuma ya pipa la maji, mahali ambapo watoto hawafiki. Abeid hakumwambia Hamisa neno. Hapo ndipo alipoharibu kila kitu, na aliharibu kwa kujihadhari.

Akawa anaonja kwa majira ya maji. Bahari ikitoka Hamisa anakwenda kwenye mwani, watoto wako shule, mama amelala usingizi wake mwepesi. Abeid anavuta boksi, anafungua, anamimina funda dogo kwenye kifuniko cha chupa hiyohiyo.

Chupa ya kwanza ilikuwa nyekundu. Aliugusisha ulimi na kukunja uso. Ulikuwa mchachu kama ukwaju uliosahauliwa chunguni. Ndicho hiki? Miaka yote ile ya kuinama na kufuta shingo za chupa, wageni wakifumba macho kama wanaosikia kaswida, na kumbe ndicho hiki. Alitema kwenye kopo la buluu, akaipa nne. Chupa ya tatu ilikuwa kama maji yaliyolowekwa misumari. Akaipa mbili, na mbili zenyewe kwa huruma. Ya nne haikuwa na ladha yoyote, nayo akaiandikia kwamba inafaa kwa mtu mwenye mafua. Alijikuta anacheka peke yake. Kwa mara ya kwanza maneno yalikuwa yake, na yalikuja bila kuokotwa.

Lakini chupa ya pili. Hii ilikuwa nyeupe, ya bei ya chini kuliko zote, na ilipofunguliwa tu chumba kilijaa harufu ya nanasi na pasheni na kitu kingine asichokijua jina. Aliugusisha ulimi, akatulia. Akagusisha tena. Akaipa tisa. Kesho yake akairudia, eti kuhakikisha, na kesho kutwa pia. Kila mara alitema, isipokuwa siku moja ambapo koo lilimtangulia, na siku hiyo alijiambia kwamba ni bahati mbaya. Akimaliza alisukutua kwa maji na mswaki, kopo akalikung'uta mchangani, akalirudisha nyuma ya pipa, na mwadhini alipoita alikwenda msikitini na wanaume wenzake.

Alama alizipeleka Utende. Faraja alizisoma akiwa amesimama, akatabasamu kwenye ile ya mafua, akasema atamjulisha. Chupa nyingine Abeid alizimwaga shimoni. Ile ya pili ilikuwa bado na kiasi, akaibakisha.

Katika siku hizo mama yake alibadilika. Uso ulimnyooka. Aliacha kuguna usiku. Jioni moja Abeid alirudi kutoka msikitini akaketi ukingoni mwa kitanda, na Bi Mize akamshika mkono, akamwambia amsogelee, kuna jambo.

"Maji yangu ya udhu yana utamu," alisema.

Abeid akauliza utamu gani. Bi Mize akaeleza polepole, pumzi ikimkatika kila baada ya maneno machache. Akisukutua, kinywani panabaki harufu ya matunda. Akipandisha puani, harufu ileile. Si maembe, si mananasi ya hapa, matunda asiyoyajua. Mwanzo alidhani ni ugonjwa unamchezea. Akamweleza jirani yake, Bi Mwanahalima, na Bi Mwanahalima akalia, akasema hiyo ni bishara, wapo waja ambao Mungu huwaonyesha kidogo kabla hawajafika. Bi Mize alimkataza asimwambie mtu. Yeye mwenyewe hakustahiki, alisema, sala zake zilikuwa na mapungufu mengi. Lakini huo utamu upo, na haupungui.

"Nilikuwa naogopa, mwanangu. Sikuwaambia, lakini nilikuwa naogopa sana. Sasa siogopi."

Abeid alilia. Alilia kwa furaha, na aliamini kila neno. Kama lipo wazo lililombishia hodi, hakulifungulia. Alimpangusa mama yake kijasho, akatoka nje akijisikia mtoto wa mtu mwema, na usiku huo alilala fofofo.

Siku chache baadaye mvua ikashuka tangu mchana, mvua ya kuziba njia, na alasiri Abeid hakwenda msikitini. Alisimama mlangoni pa uani akitazama maji yakimiminika kutoka kwenye makuti. Hamisa akapita mbio amejifunika kanga, akainama nyuma ya pipa, akatoka na kopo la buluu, akalichovya, akarudi nalo limejaa kuelekea chumbani kwa Bi Mize.

Abeid alimshika mkono. Akamuuliza kopo hilo amelitoa wapi.

Hamisa akamtazama kama mtu anayeulizwa jina lake. Si hilo alilolinunua yeye? La zamani lilipasuka mpini. Alipoliona hili jipya limewekwa mahali pazuri peke yake, alijua baba Saburi, mumewe, amemnunulia mama yake kopo la udhu, na akampenda kwa hilo. Akimaliza analirudisha palepale alipolikuta. Lilinuka kidogo, ndiyo, lakini vyombo vya plastiki vipya vyote vinanuka.

"Tangu lini?" Abeid aliuliza.

"Tangu ulipolileta."

Mchana ule Abeid alikuwa amelitumia kutemea. Mvua ilikuwa inapiga, na yeye alikuwa amelikung'uta kwa haraka. Alitaka kulinyakua, lakini kutoka chumbani Bi Mize aliita, alasiri inapita, na Hamisa akajitoa mkononi mwake akaenda. Abeid alibaki palepale na kusikia kila kitu: maji kwenye beseni, mama yake akisukutua mara tatu, na sauti yake nyembamba ikisema alhamdulillahi, leo umezidi.

Alimweleza Hamisa jikoni, kwa kunong'ona, na kila alichokieleza kilimtoka kichafu zaidi ya alivyokiweka moyoni. Hamisa alisikiliza akiwa amechuchumaa mbele ya moto. Hakupiga kelele. Aliuliza tu kama hata baada ya kupeleka alama aliendelea, na Abeid akasema ndiyo. Hamisa akaliweka kopo lile kwenye moto, wakalitazama likijikunja.

"Usimwambie," alisema Hamisa. "Mzigo huu ni wako. Ubebe mwenyewe. Yule mwache aende zake na furaha yake."

Yalikuwa maneno ya haki, na laiti Abeid angeyashika hadithi hii isingekuwa na haja ya kusimuliwa. Hamisa akaanza kumtawadhisha mama mkwe wake kwa jagi la kioo. Ndipo Bi Mize akaanza kuuliza. Utamu umekwenda wapi? Alasiri haukuwepo, magharibi haukuwepo, alfajiri alisukutua mpaka ufizi ukamuuma na haukuwepo. Amekosea nini? Akawa anajichunguza kwa sauti, akikumbuka watu aliowasengenya akiwa msichana, kuku wa jirani aliyempiga jiwe. Usiku alianza tena kuguna. Abeid alimsikia kupitia ukutani akiomba arudishiwe, akisema Mola wangu, nimefanya nini tena.

Hapo Abeid akashindwa. Alijiambia kwamba anamwonea huruma mama yake, kwamba ukweli utampumzisha. Huenda aliamini hivyo. Lakini mimi nasema alikuwa amechoka kuubeba, na alitaka kuutua popote.

Aliingia asubuhi, akapiga magoti sakafuni, akamwambia yote. Bi Mize alisikiliza macho yake yakiwa darini. Kifua chake kilipanda na kushuka.

"Ulikuwa unakunywa?"

"Nilikuwa naonja, mama. Natema."

"Ndani ya kopo langu."

"Sikujua kama ni lako."

"Na ile harufu?"

Abeid aliitikia kwa kichwa. Kisha akakumbuka kwamba mama yake hamwoni vizuri, ikambidi aseme.

"Ndiyo, mama. Ndiyo ile."

Bi Mize alifumba macho. Midomo ilimcheza kidogo, akainua mkono akajifunika kinywa, mkono ule mkavu wenye mishipa, akaubakiza hapo. Abeid alingoja matusi, alingoja laana, na kama angepata laana pengine angepata nafuu. Hakupata. Mama yake alimwambia amwite Hamisa.

Alitaka kusafishwa kinywa. Wakamsukutulisha mara nyingi mpaka akapaliwa. Alitaka shuka, kanga, msala, mto, vyote vifuliwe, na ilikuwa mvua, vikatundikwa jikoni juu ya moshi na havikukauka. Kisha akauliza kopo lile liliingia lini nyumbani. Abeid na Hamisa walitazamana. Hakuna aliyekuwa na hakika. Basi Bi Mize akasema ataanzia nyuma zaidi, kwa tahadhari, na atazirudia sala zote moja moja.

Alikuwa hana pumzi ya kusali hata ile moja ya wakati wake. Lakini alianza. Akimaliza adhuhuri ya leo, anaingia kwenye adhuhuri ya zamani. Kurukuu alikufanya kwa kope, kusujudu kwa kope, na katikati ya Alhamdu usingizi au udhaifu ulimchukua, akazinduka hajui yuko rakaa ya ngapi, akaanza upya. Aliacha uji. Alisema uji unampotezea wakati. Bi Mwanahalima alipokuja kumjulia hali na kuulizia ile neema, Bi Mize alimwambia kwamba haikuwa neema, wala hakueleza zaidi, na yule mama akaondoka akiwa ameshika tama.

Sasa ndipo Abeid alipokwenda kwa Mwalimu Omary, alipopaswa kwenda tangu mwanzo. Alimkuta barazani kwake anashona kofia. Wakasalimiana, Abeid akaeleza tena, mara ya tatu sasa, na kuzoea kueleza hakukumrahisishia. Mwalimu Omary aliiweka kofia chini.

"Kabla hujamwambia, alijua?"

"Hakujua, mwalimu."

"Basi alikuwa hana lawama. Asiyejua amesamehewa, na sala zake tunatarajia zimepokelewa kwa nia yake. Aliyejua ndiye anayelipa." Akatazama pembeni. "Wewe ndiye uliyemjulisha, Abeid."

Abeid akauliza kama yeye anaweza kumsalia, azilipe kwa niaba yake, zote, hata mara mbili. Mwalimu Omary akasema sala si mzigo wa kusaidiana. Kila mtu na yake. Akasema na lile la mchuzi wa Ramadhani aliwafundisha wanawake wanaopika, hakujua kama kuna mtu atalichukua kwenda nalo kwenye pombe. Hakulisema kwa ukali. Akamshauri arudi akamwambie mama yake asijitese, mgonjwa ana ruhusa, Mungu anajua udhaifu wake.

Abeid alirudi, akamwambia. Bi Mize alijibu kwamba Mwalimu Omary alikuwa mwanafunzi wa marehemu mumewe na hakuwa hodari sana. Abeid akajaribu la mwisho, akajaribu lile alilolijua vizuri kuliko yote. Akasema amekumbuka, alikosea, kopo la kutemea lilikuwa jingine, jekundu. La buluu halikuguswa kamwe. Alilisema kwa sauti yake ya hotelini, laini, yenye uhakika.

"Abeid," mama yake alisema, "mimi niliinusa."

 Alikuwa analipa isha za nyuma, akarudi kwenye isha yake.

Habari za Utende zililetwa na Taufiki mwenyewe, kwa pikipiki, akiwa amelewa na mwenye huruma. Hakuna aliyepata. Wenye hoteli huko Dar walikuwa wameshaagiza mvinyo wa kwenye boksi, wa mfuko na bomba, wa bei ya chini kuliko chupa zote sita, na kazi ya msimamizi wameifuta. Faraja aliwaomba radhi wote wawili. Aliagiza aambiwe Abeid kwamba maneno yake yalimchekesha sana. Abeid alimshukuru Taufiki, akamkaribisha chai, na Taufiki akakataa kwa kuwa aliona nyumba ilivyo.

Bi Mize alifariki kabla ya alasiri, kidole chake cha shahada kimenyooka, na hakuna aliyejua kama alikuwa katika sala ya siku ile au katika moja ya zile za nyuma. Hamisa, aliyekuwa naye, alisema alikuwa bado mbali kuzimaliza. Alikuwa amemuuliza asubuhi zimebaki nyingi, mama? Na Bi Mize alikuwa amejibu kwa kope tu.

Wanawake walimwosha kwa maji mengi. Jeneza likatolewa, likawekwa mbele ya safu uwanjani pa msikiti, ardhi ikiwa na unyevu wa mvua. Kwa desturi yetu, kabla ya takbira ya kwanza mtoto wa marehemu husimama mbele ya watu na kutangaza kwamba kama marehemu alikuwa akidaiwa, mdai asimngoje kaburini, aje kwa aliyebaki. Ni maneno mepesi, kila mwanamume wa Ndagoni ameyasikia mara nyingi, na aghalabu hakuna anayejitokeza. Mwalimu Omary aligeuka, akamwashiria Abeid.

Abeid alisimama. Alikuwa amevaa moja ya mashati yake meupe. Watu wakasubiri, mmoja akamwambia kwa upole aseme tu, inatosha.

"Kama yupo anayemdai mama yangu," alisema, "asimdai yeye. Anidai mimi."

Hakuna aliyejitokeza. Wanaume waliitikia kwamba marehemu alikuwa mtu mwema, tena msafi, hawajapata kuona mtu msafi kama Bi Mize, na walilisema hilo kwa moyo. Mwalimu Omary hakuitikia. Alielekea kibla, akapanga safu, akainua mikono.